Vumbi la Koltani: Nani Anapima, Nani Anaambiwa?



Habari hii ilianza na jiwe. Baada ya vakansi, ndugu mmoja wa kalasi yetu alirudi kutoka upande wa Kalima, ambako alikwenda kutafuta pesa ya minervali kama wengi wetu wanavyofanya. Alimletea mwalimu wa fizika zawadi: koltani, jiwe jeusi, dogo kama yai la kuku lakini zito sana mkononi, ili liwekwe juu ya kabati pamoja na mawe mengine ya shule. Tulilipitisha kutoka benchi mpaka benchi. Ndipo mmoja wetu akauliza: «Mwalimu, jiwe hili liko na mionzi ao hapana?» Mwalimu hakucheka. Alijibu: «Pengine liko nayo kidogo. Lakini hatuna chombo cha kupima.» Halafu akamwuliza yule ndugu: «Wewe ulikuwa unafanya kazi gani kule?» Akasema: «Kutwanga na kuchekecha, mwalimu.»

Kalasi ilinyamaza. Kwa kuwa kuna wengine hapa Kibombo, na wengine Kindu, Kailo na Punia, wanaotwanga mawe hayo kila siku, tuliona vizuri tuandike yale tuliyojifunza. Tunaomba msomaji asiogope majina magumu. Tutayaeleza mojamoja.

MIONZI NI KITU GANI

Kila kitu kimefanywa kwa atomu. Atomu nyingi zinakaa kimya tangu kuumbwa kwa dunia. Lakini kuna zingine ambazo hazitulii. Zinavunjika zenyewe, na zikivunjika zinatupa nje chembe ndogo sana ao nguvu isiyoonekana. Hiyo ndiyo mionzi. Henri Becquerel wa Ufaransa aliigundua katika urani mwaka 1896, na mwaka 1898 Marie Curie na bwana wake Pierre wakapata radiumu. Urani na toriumu ndizo zinazotuhusu sisi watu wa Maniema, maana zinapenda kujificha ndani ya mawe ya namna ya koltani. Zinakaa ndani ya jiwe lenyewe, hauwezi kuziosha kwa maji ya mto wala kuzichagua kwa vidole.

Mionzi ya alfa haiwezi kupita hata karatasi moja ya daftari. Ya beta inapita kidogo. Ya gama inapita mwili wa mtu, hata ukuta wa matofali. Basi wengine walisema: «Ikiwa alfa inashindwa na karatasi, tuogope nini?» Tufikiri kaa la moto. Likiwa katika mafiga, wewe unakaa karibu nalo na kuota joto, hakuna shida. Lakini ulitie kinywani! Alfa ndivyo ilivyo. Jiwe likiwa juu ya kabati, alfa yake haifiki kwenye damu yako. Jiwe likitwangwa kuwa unga, na unga ukaingia puani mpaka mapafuni, pale hakuna karatasi tena. Kaa liko kinywani. Nalo halizimiki upesi: urani inahitaji miaka milioni 4.500 ili nusu yake ivunjike.

Urani inazaa pia watoto, tuseme hivyo, na mmoja wao ni radoni. Hii ni hewa, haina rangi wala harufu. Inakusanyika ndani ya shimo lisilo na upepo. Nusu yake inaisha kwa siku 3,8, lakini kila siku inazaliwa nyingine.

Ubaya wa mionzi kidogo hauonekani leo. Mtu akianguka shimoni, wote wanaona na wanalia. Mtu aliyevuta vumbi anarudi nyumbani, anakula wali wake na samaki, analala. Kansa ya mapafu inaweza kuja baada ya miaka 20, na hakuna atakayekumbuka kinu. Ndiyo maana kazi ya kulinda watu na mionzi haiwezi kungoja wagonjwa waonekane. Inapaswa kupima na kufikiri mbele.

Mambo haya yalianza kupangwa mwaka 1928, huko Stockholm, wakati waganga na wenye elimu ya fizika walipounda kamati ya kimataifa, ile inayoitwa leo CIPR. Wakati ule waliolindwa hasa ni waganga wenyewe, maana wengi wao walikwisha kuungua mikono kwa mashine za radiografia. Marie Curie mwenyewe alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu ambao wengi wanasema ulitokana na kazi yake.

Leo kamati hiyo inafuata mambo matatu. La kwanza: usimtie mtu katika mionzi pasipo faida inayoshinda hasara. Fikirini radiografia ya mtu mwenye kifua kikuu: inampa mionzi kidogo sana, chini ya milisiverti 0,1, na inaweza kuokoa maisha yake. La pili: hata kama faida iko, punguza mionzi mpaka pale inapowezekana kwa busara. La tatu: kuna mpaka ambao hauvukwi. Kwa mfanyakazi wa mionzi mpaka ni milisiverti 20 kwa mwaka, ukifanya hesabu ya miaka mitano. Kwa mtu mwingine yeyote ni milisiverti 1 tu, juu ya ile ambayo ardhi na mbingu zinatupa sisi wote, ambayo duniani ni karibu 2,4 kwa mwaka.

Hapa kalasi iligawanyika, na mabishano yalitoka darasani yakafika mpaka internati. Mmoja alisema kanuni ya pili ndiyo yenye matata. «Kwa busara» maana yake nini? Busara ya nani? Kamati yenyewe imeandika tangu miaka ya 1960 kwamba lazima kuangalia pia mambo ya uchumi na ya maisha ya watu. Vizuri. Lakini mambo ya maisha ya watu hayapimwi kwa chombo cha fizika. Lazima mtu akae chini na kuwauliza.

KIPIMO CHA KOLTANI

Mwaka 2007 watafiti walichapa matokeo ya kazi waliyofanya juu ya wachimbaji wadogo wa koltani katika Kongo ya mashariki. Walipima mawe, walikadiria mionzi anayopata mtu anayechimba, anayechekecha, anayetwanga. Waliona kwamba hatari kubwa haiko katika kubeba ao kushika jiwe. Iko katika vumbi la kutwanga. Kwa mtu mwenye kazi hiyo makadirio yao yalipanda mpaka karibu milisiverti 18 kwa mwaka.

Tulipofika kwenye hesabu hiyo, wa kwanza kuitikia alisema: «Basi ni vizuri! 18 iko chini ya 20. Hakuna neno.»

Hapana, ndugu. Angalia vizuri ni nani anayeruhusiwa kufika 20. Ni mfanyakazi wa mionzi. Huyo ameambiwa kwamba kazi yake iko na mionzi. Amevaa kifuani kipimo kidogo kinachoandika kiasi anachopata. Mganga anamwangalia. Akikaribia mpaka, mkubwa wake anamhamisha. Ana mshahara, na akitaka anaweza kukataa kazi. Je, kijana anayetwanga mawe nyuma ya nyumba ya mnunuzi ni mfanyakazi wa namna hiyo? Hajaambiwa kitu. Hana kipimo. Hana mganga. Kama si mfanyakazi wa mionzi, basi yeye ni mtu kama watu wote, na mpaka wake ni 1. Hapo 18 si chini ya mpaka tena, imeupita mara kumi na nane.

Tena kuna jambo la umri. Kanuni za kimataifa zinasema mtu asiyefikisha miaka 16 asiwekwe kabisa katika kazi ya mionzi. Wa miaka 16 mpaka 18 anaweza kuingia kwa ajili ya kujifunza tu, na mpaka wake ni 6. Mama mwenye mimba, mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama mtu wa nje, mpaka 1. Nasi tunajua ni nani wanaotwanga. Hatuandiki majina. Kila mmoja aangalie benchi lake.

Ndiyo maana tunasema kwamba kipimo peke yake hakikutosha kutujibu. Chombo kilitoa hesabu moja, 18. Lakini kama 18 ni njema ao mbaya, chombo hakijui. Inategemea mtu ni nani, ameambiwa nini, anapata nini, na kama anaweza kukataa. Hayo ni maswali ya haki. CIPR yenyewe imekubali jambo hilo waziwazi. Mwaka 2018 ilitoa kitabu chake nambari 138, kinachosema kwamba kanuni zote za kulinda watu na mionzi zinasimama juu ya mambo manne: kutenda mema bila kudhuru, kuwa na busara ya kuona mbele, haki, na heshima ya mtu. Miaka 90 ilipita tangu Stockholm mpaka kuyaandika hivyo. Lakini yameandikwa.

Kuna jambo moja lilitukasirisha, na tunaliandika hapa ingawa mwalimu alituambia tupunguze maneno. Kanuni za kimataifa za kusafirisha mizigo zinasema madini ya asili yenye urani na toriumu yakipita bekereli 10 kwa kila gramu, mzigo unahesabiwa kuwa wa mionzi, wa kundi la 7. Mizigo mingine ya koltani inapita kiwango hicho. Basi inapofika bandarini inawekwa karatasi, inawekwa alama ile ya majani matatu, na watu wa meli wanajua waiweke wapi. Ni vizuri hivyo, baharia naye ni mtoto wa mtu. Lakini mzigo uleule ulikuwa na mionzi ileile ulipokuwa kwenye kichwa cha mama anayetoka porini, na ulipolala chini ya kitanda chumbani mwa watoto. Kule hakuna aliyebandika alama. Mionzi haikuanza bandarini.

TUMEKWISHA KUONA JAMBO HILI MBELE

Reli inayopita hapa kwetu, ukiifuata kwenda kusini kwa Kongolo na Kabalo na Kamina, inakufikisha Katanga. Kule, karibu na Likasi, kuna mahali panapoitwa Shinkolobwe. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya Union Minière, alipata pale urani nyingi ajabu. Kuanzia mwaka 1921 walichimba kwa sababu ya radiumu. Mawe yalipelekwa Ulaya, na katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, radiumu ilitolewa tangu 1922, ikauzwa kwa bei kubwa sana kwa hospitali za kansa. Urani yenyewe wakati ule haikuwa na soko la maana.

Halafu vita vikaja. Mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma New York mwaka 1940 tani karibu 1.200 za mawe ya Shinkolobwe. Zilikaa pale mpaka Septemba 1942, wakati jeshi la Marekani lilipozinunua. Mawe mengine yalitembea tena katika nchi yetu kwa gari la moshi, kwa meli za mto na tena kwa gari la moshi mpaka Matadi. Mawe ya machimbo mengine duniani yalikuwa na urani kidogo tu; ya Shinkolobwe yalifika mpaka 65 kwa 100. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo.

Kwa sababu ya siri ya vita, jina la Shinkolobwe halikutakiwa kutajwa. Waliochimba, waliochagua mawe kwa mikono, waliopakia magunia, hawakuambiwa mawe yanakwenda kufanya nini. Watu wa Hiroshima wameandikiwa vitabu, wamejengewa hospitali, waganga wamewafuata miaka mingi kujua magonjwa yao. Ni haki yao, na taabu yao haina mfano. Hata wao walipata aibu, maana familia nyingi zilikataa kuoza ao kuoa mtoto wa mtu aliyeguswa na bomu. Lakini waliochimba mawe hayo hakuna aliyewafuata namna hiyo. Kama mtu anataka kuandika leo hesabu ya magonjwa yao, ataitoa wapi? Hata kutokupimwa ni jambo ambalo watu walilichagua.

Nchi yetu haikukosa wenye elimu hiyo. Mwaka 1959 mtambo wa kwanza wa atomu katika Afrika yote uliwashwa Léopoldville, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, na wa pili ulifuata 1972. Tangu mwaka 2002 kuna sheria ya nchi juu ya kujikinga na mionzi, na kuna kamati ya taifa ya kazi hiyo, CNPRI, kule Kinshasa. Lakini kutoka Kinshasa mpaka shimo la Punia, ninyi wenyewe mnajua safari.

Shinkolobwe ilifungwa mwaka 1960 na mashimo yakazibwa kwa simenti. Miaka ya mwisho ya 1990 watu walirudi kwa majembe na nyundo, wakitafuta kobalti. Januari 2004 Rais alipiga marufuku. Watu waliendelea. Julai 2004 shimo moja lilianguka, watu 8 wakafa. Mwisho wa mwaka ule Umoja wa Mataifa ulituma wataalamu. Walisema hatari iliyo karibu zaidi ni mashimo kuanguka, na kwamba mionzi inaweza kuwadhuru polepole wale wanaokaa katika kazi ile. Watu waliondolewa. Lakini wanaofukuzwa bila kupewa kazi nyingine wanarudi usiku, na miaka baadaye habari zilisema wengine bado wanaingia kwa kificho. Anayechimba usiku hawezi hata kuuliza mtu ushauri juu ya mionzi, maana akiuliza amejitaja mwenyewe.

Basi tuko na njia mbili mbaya: kunyamaza kama zamani, ao kufunga na kufukuza. Tulitafuta kama kuna ya tatu, na mwalimu alituonyesha habari ya kijiji kimoja cha Belarusi, Olmany.

Mwaka 1986 mtambo wa Chernobyl ulipolipuka, vumbi lake lilishuka hata juu ya mashamba ya kijiji hicho, kilicho mbali nao karibu kilometa 200. Miaka kumi wataalamu walikuja na kupima, wakaondoka na vitabu vyao. Watu walibaki na hesabu za bekereli zisizowaambia kitu. Mama anataka kujua: maziwa haya nimpe mtoto ao nimwage? Mwaka 1996 kikundi cha watafiti kutoka Ufaransa kilifika kwa mpango mwingine, ulioitwa ETHOS. Walianza kwa kuwasikiliza watu, hasa akina mama. Halafu wakawafundisha kutumia vyombo vya kupima wao wenyewe: maziwa, chakula, nyumba. Ndipo watu wakaona kumbe si kila ng'ombe ni sawa. Yule anayekula majani ya malisho haya ana maziwa machafu, yule wa malisho mengine ana maziwa mazuri. Wakabadilisha malisho. Walimu wa shule waliingia pia, na watoto walipima pamoja nao. Baada ya ajali ya Fukushima mwaka 2011, huko Japani, CIPR yenyewe ilikwenda kukaa na watu wa vijiji na kuzungumza nao, kwa namna iliyofanana na ile.

Sisi tulipenda jambo hilo la ng'ombe kuliko yote. Mtaalamu angeweza kukaa miaka mingine kumi bila kujua ng'ombe wa nani anakula wapi. Mwenye ng'ombe alijua siku zote, ila hakuwa na chombo. Vivyo hivyo, mtu anayetoka maabara anajua bekereli, lakini hajui kwamba kutwanga kunafanywa asubuhi ndani ya ua kwa kuogopa wezi, mlango umefungwa, upepo hakuna. Hajui kwamba anayetwanga analipwa kwa kilo, na kwa hiyo maji hayapendi, maana mnunuzi akiona unga umelowa anapunguza bei. Mambo hayo mawili tu tuliambiwa na ndugu yetu wa Kalima katika nusu saa. Nayo yanaamua kiasi cha vumbi kuliko kitu kingine chochote.

Kwa hiyo, siku moja wakija watafiti na vyombo vyao katika Maniema, na tunaomba waje, tutawauliza maswali. Nani aliwatuma, na nani aliomba? Mtu akikataa kupimwa, atapata matata na mwenye shimo? Matokeo mtayasoma kwetu kwa Kiswahili, ao yatabaki kwa Kiingereza katika kitabu cha mbali? Mkiona hatari, mtamwambia nani kwanza, mchimbaji ao mnunuzi ao Serikali? Maana ukimwambia mnunuzi kwanza, bei inaanguka kwa mchimbaji. Ukiiambia Serikali kwanza, askari wanaweza kufika kabla ya maji na kitambaa. Hatusemi walioandika mwaka 2007 walifanya vibaya. Bila wao tusingekuwa na hesabu hata moja. Tunasema hesabu yao bado haijafika kwa mwenyewe.

Tulipokuwa tukiandika, mama mmoja wa soko alisikia mazungumzo yetu akatuambia: «Watoto, njaa inaua wiki hii. Hiyo yenu ya mionzi itaua mwaka gani?» Tulinyamaza. Yeye ana watoto watano, na koltani ndiyo ililipa shule ya mkubwa. Kumwambia aache ni rahisi kwetu, sisi ambao tumekwisha kulipiwa. Lakini tulipomwuliza kama angependa kujua, alijibu upesi: «Kujua? Ndiyo, nataka. Ni mapafu yangu.» Tunafikiri hapo ndipo heshima ya mtu inapoanzia: kumwambia, hata kama hauna kazi nyingine ya kumpa.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna amri ambayo wengi wanaipita upesi wakisoma. Mtu akijenga nyumba mpya anaamriwa aweke ukingo kuzunguka dari lake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Hakuna aliyeanguka bado. Hajulikani hata ni nani atakayepanda. Lakini mwenye nyumba anaamriwa afikiri mbele yake. Mchungaji alituambia, tulipomwonyesha habari hii, kwamba swali la koltani ni kujua mwenye nyumba ni nani. Mwenye shimo? Mnunuzi? Kiwanda cha ng'ambo kinachotia tantale katika simu? Sisi wenye simu? Hatukumaliza mazungumzo hayo, kengele ililia.

Kwa wale watakaokwenda vakansi ijayo, na tunajua mtakwenda, hata kama sheria inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi ya shimo. Hatari ya kwanza ni shimo kuanguka, msisahau hilo kwa kuogopa mionzi. Ya pili ni vumbi. Vumbi la mawe linaharibu mapafu hata bila urani, na linamfungulia njia kifua kikuu, kwa hiyo dawa ni ile ile kwa yote: lowesha jiwe kabla ya kutwanga, kausha baadaye. Mkikataliwa maji, twangeni nje, mgongo ukielekea kule upepo unakotoka, si ndani ya ua uliofungwa. Kitambaa chenye maji puani na kinywani hakizuii yote, lakini ni afadhali kuliko bure. Usile hapo pa kutwangia. Oga, na nguo za kazi zisiingie nyumbani wala zisifuliwe pamoja na za mtoto. Kinu cha mawe kisiwe kinu cha mpunga ao cha sombe, hata ukikiosha. Magunia yasilale katika chumba cha watu. Dada mwenye mimba asitwange kabisa, na ndugu zake wamsaidie asipoteze sehemu yake ya pesa.

Yule ndugu yetu alisoma habari hii kabla haijapigwa stensili. Alisahihisha jambo la bei na la unga uliolowa, tulikuwa tumeliandika vibaya. Halafu aliuliza kama miezi miwili ya kutwanga ni mingi. Tulifanya hesabu pamoja naye: hata kama alikuwa katika vumbi baya kuliko yote lililokadiriwa mwaka 2007, ni kama 3 kati ya ile 18. Ni zaidi ya mpaka wa mtu wa kawaida, lakini haimaanishi kwamba atakuwa mgonjwa. Alitaka kuiona hesabu mwenyewe, akairudia kwa kalamu yake, akaiweka mfukoni apelekee wenzake wa Kalima.

Jiwe lake haliko juu ya kabati tena. Liko ndani ya kopo lenye kifuniko, katika stoo ya vifaa, na mwalimu ameandika juu yake: «Lisitwangwe.»